Migagani Mbele ya Mlango

Nilipoolewa na kuhamia Nyarugusu, machimboni Geita, kitu cha kwanza nilichotaka mbele ya nyumba kilikuwa waridi. Nimelelewa Shinyanga mjini, katika familia ya wafanyabiashara ambao babu yao alitoka pwani, na kwetu nyumba isiyo na maua mlangoni ilionekana kama haina mwenyewe. Mama yangu alipanda hata kwenye makopo ya rangi. Mume wangu ni fundi wa karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, kwa hiyo vumbi tulilala nalo na kuamka nalo. Nikajiambia kwamba angalau pale pa kuingilia ndani patakuwa na rangi.

Udongo wetu ulikuwa kokoto tupu. Mume wangu akaomba samadi kwa mama yake kule Samuye, ikaja juu ya lori la mchele, viroba vya samadi kavu iliyokombwa zizini. Nikachimba, nikachanganya, nikapanda miche ya waridi niliyoletewa kutoka Geita mjini. Haikumaliza mwezi. Jua liliikausha ikabaki miiba.

Mimi ni mbishi, nikaendelea kumwagilia tuta lile lile, na mvua za kwanza ziliponyesha likaota kitu kingine. Majani yake yalikuwa kama kiganja cha mtoto kilichokunjuliwa, vidole vitano, na shina lake lilikuwa la zambarau lenye vinyweleo vinavyonata. Ukiligusa, harufu inabaki mkononi hadi jioni. Nilitaka kuving'oa vimea hivyo. Nikasema ngoja kwanza. Vikarefuka, vikatoa maua meupe yanayoelekea pinki, yaliyopangana juu ya shina, na kila ua lilitoa masharubu marefu kama ya paka. Jua likishuka yanafunguka, na asubuhi nikitoka kufagia nayakuta bado yamesimama, yamependeza kuliko waridi lolote la mama yangu.

Ilikuwa migagani, mbegu zake zilikuja ndani ya samadi. Mtaa mzima ulijua isipokuwa mimi. Mgagani nilikuwa naujua wa kwenye sahani tu, ile mboga nyeusi, chungu kidogo, niliyopakuliwa ukweni siku ya harusi nikaimeza kwa heshima. Uliosimama shambani na maua yake sikuwahi kuuona, na hakuna aliyefikiria kwamba mtu anahitaji kuambiwa. Jirani yangu, mwanamke anayeshona nguo kibarazani, alipita akatazama tuta, akasema, "Mbegu zikikauka usinisahau." Nikadhani amevutiwa na maua. Nilifurahi sana. Yeye alidhani nimeyaacha yachanue ili nipate mbegu, kama anavyofanya mkulima yeyote mwenye akili.

Basi nikayatunza. Niliipunguza miche isisongamane, ile ya ziada nikaihamishia kando ya njia hadi getini. Niliipa maji ya kusuuzia vyombo jioni jua likipungua makali. Mirefu niliifungia kwenye vijiti kwa vipande vya khanga kuukuu, upepo wa mchana usiilaze. Kuku nikawawekea uzio wa matawi ya miiba. Mume wangu alitoka na kurudi, akaiona, akapita. Nilipomuuliza baadaye, alisema aliniona nimefurahi akaona si vizuri kuuliza.

Kisha mama mkwe akaja kutusalimia. Alishuka kwenye basi na jogoo kwapani na kiroba cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Nikapiga magoti, nikampa shikamoo, akaitika marahaba, na baada ya hapo maneno yakatuishia. Kiswahili chake ni cha mnadani, na Kisukuma changu wakati ule kilikuwa mwangaluka na mengine machache ya salamu. Tuliishia kutabasamiana. Siku zote niliogopa kwamba ananiona mke wa mapambo, mtoto wa mjini asiyeweza hata kubeba maji.

Alipofika mbele ya tuta alisimama. Akashika ua moja, akalitikisa, akaguna. Akamgeukia mwanawe akasema jambo refu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumzia mgonjwa. Mume wangu akacheka, akachukua mzigo, akaingia ndani.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Amesema una samadi nzuri," akajibu.

Kesho yake, nilipomaliza kuswali alfajiri, nikasikia kitu kinakatwa nje, tiki, tiki. Nikafungua mlango. Mama mkwe alikuwa ameinama kwenye tuta, khanga ameifunga kiunoni, na maua yangu yote yalikuwa chini. Alikuwa anakata kila kichwa kwa ukucha wa kidole gumba, kwa haraka na ustadi, na pembeni alikuwa na ungo umejaa majani.

"Mama," nikasema, "maua yangu."

"Ee, nimetoa," akasema kwa furaha. "Maua inakula mboga. Sasa itaota tena."

Nikamsalimia, nikaingia ndani, nikakaa jikoni kumenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji, ili machozi yawe na sababu. Huko nje alikuwa anaimba. Nikaamini kwamba sasa ameamua kunionyesha nani mwenye nyumba.

Mchana alipika mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Alichemsha yale majani, akamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, akayarudisha motoni, akamimina maziwa na karanga zilizotwangwa, akayaacha yatokote taratibu hadi nyumba nzima ikanukia. Mume wangu alirudi kutoka karashani na vumbi hadi kwenye kope, akanawa, akaketi. Alikula ugali bila kuinua kichwa. Mimi nilimega tonge dogo kwa ubishi, nikachovya. Ule uchungu wa siku ya harusi haukuwepo, ulikuwa umebaki kwa mbali tu, chini ya karanga. Nikamega tena.

Mama mkwe alikuwa ananitazama. Akasema jambo, na safari hii mume wangu akaona heri atafsiri.

"Anasema ule, upate nguvu. Jana aliniuliza kama unaumwa. Anasema mwanamke mzima haachi mboga zizeeke mbele ya mlango wake, lazima kuna jambo. Ndiyo maana ameamka mapema akusaidie kabla majirani hawajaona."

"Majirani?" nikasema. "Mwambie nilipanda maua. Mwambie sikujua kama ni mboga."

Akamwambia. Mama mkwe aliacha tonge mkononi, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. "Mgagani," akasema polepole, "ua?" Halafu akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, akajifunika uso kwa khanga. Akijifunua, akiniona, anaanza upya. Nami nikashindwa kujizuia. Mume wangu alituacha tucheke, yeye akaendelea kumalizia mboga.

Jioni mama mkwe alinishika mkono tukatoka pamoja. Kwenye kona, karibu na geti, ulikuwa umebaki mche mmoja ambao alfajiri hakuufikia. Ua lake lilikuwa linafunguka. Mama mkwe akachuchumaa, akaligeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye yale masharubu.

"Mimi nakata tu," akasema. "Tangu mtoto. Kuangalia, hapana."

Akauacha ule mche.

Alikaa nasi hadi tuta lilipochipua upya, na kweli lilichipua, matawi pembeni mawili mawili pale kila kichwa kilipokatwa. Alinifundisha kuchuma majani ya chini kwanza, na kwamba mbegu mpya usiipande mara moja, iache ilale hadi msimu mwingine, la sivyo itakugomea. Alinionyesha kuchemsha na kuanika majani yawe nsansa, mboga kavu ya kiangazi. Tulielewana kwa vidole, kwa kuonja na kwa kucheka. Kisukuma changu kilianzia pale, na hadi leo najua zaidi maneno ya jikoni kuliko ya mambo mengine. Tuligawa sehemu: upande wa ukuta wa jikoni ni wa kuchuma, na kando ya njia ni wa kuchanua. Jirani yangu wa cherehani alipoelezwa kisa kizima aliweka kitambaa chini, akacheka hadi mteja wake akaondoka.

Sasa migagani imetawanyika kila mahali, maganda yakikauka yanapasuka yenyewe. Imeota chini ya tangi la maji, imeota kwa jirani, mmoja umeota kwenye ufa wa ngazi ambapo sijui unakula nini. Mume wangu analalamika kwamba kwake ni mgagani Jumatatu hadi Jumapili, lakini sahani anairudisha tupu. Mama mkwe hupiga simu mvua zikikaribia. Hatuna salamu ndefu. Ananiuliza kwa Kisukuma wingu limekaa upande gani, namjibu ninavyoweza, ananisahihisha, kisha ananiambia niichanganye samadi na udongo mapema kabla ardhi haijalowa.