Nusu ya beignet ya mwenye alitengeneza muchezo

Mutoto wangu Neema amekata beignet yake, ile andazi, katikati, hapa mutaani Birere, akaipa Papa mwenye kutuuzia diski ya muchezo wa video: "Upelekee mwenye aliutengeneza."

Tukacheka.

Papa akasema: "Mama Neema, mutoto njo amemupa kitu. Wewe haukumupa."

Mimi? Nilikataa diski ya kukopi juu ni wizi. Nimelipa ya occasion, yenye mutu mwengine alishachezea.

"Ndiyo, ila ile feza ni yangu. Mwenye kuutengeneza alilipwa na mununuzi wa kwanza. Kwako hapati kitu, sawa tu na kwa ule wa kukopi."

Sasa nimepotea. Niliiba ao sikuiba? Mwenye anaelewa anieleze pole pole.

Ngojeni, Neema ananiita, anasema Papa ameanza kula ile nusu ya mwenye alitengeneza muchezo.