Siku Hamisi Aliposhinda Rufaa

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya pilau, mwanangu. Nilikuwa msichana, sijaposwa bado, na mdomo wangu, wee, ulikuwa haujui kufungwa. Tangu asubuhi tulikuwa uani tunapika, kwa sababu habari zilikuwa zimefika kutoka Mombasa kwamba kaka yangu Hamisi ameshinda rufaa na yuko njiani kurudi. Ile miaka aliyokaa jela akingoja majaji wamsikilize ilikuwa imemzeesha mama yangu, mpaka wageni wakidhani ni nyanya yangu. Siku hiyo alijifunga leso mpya. Nilimwona akipepeta mchele huku anacheka peke yake, na mimi nikawa nalia na kucheka pamoja.

Lakini ngoja nikueleze tulivyokuwa tukiishi, maana nyinyi mmezaliwa mkakuta kuta na mageti. Kijijini kwetu, huku Msambweni, baina ya nyumba yetu na ya Bi Mwanakombo hapakuwa na hata ua wa makuti. Moto ukituzimikia, tuliingia jikoni kwake tukachukua makaa bila kubisha hodi. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa moja, na mara nyingine hatukujua imelala kwake au kwetu. Ramadhani sinia zilipishana njiani, sisi tukipeleka mbaazi, yeye akileta vibibi, vile vikate vyake vya mchele na nazi. Wallahi, nikivikumbuka vibibi vya Bi Mwanakombo hata sasa mate yananitoka! Usicheke. Nyinyi hamjala kitu.

Bi Mwanakombo alikuwa na mtoto mmoja tu, Bakari. Yeye na kaka yangu Hamisi waliingia jandoni pamoja, wakavua pamoja, wakila sahani moja. Basi huyo Bakari ndiye aliyeuawa.

Paliingia maneno kijijini kwamba anamwaga madema ya watu. Dema ni ule mtego wa kusuka tunaouzamisha baharini, na kumwibia mwenzio samaki wa dema kwetu ilikuwa aibu kubwa mno. Asubuhi moja vijana wetu wenyewe wakamzingira pale pwani alipokuwa anashusha vitu vyake. Mmoja akamuuliza, mwingine akajibu badala yake, wa tatu akainua kasia. Bakari hakuwahi kufikishwa hospitali. Na mpaka leo hakuna ajuaye kama aliiba kweli, kwa sababu hakuna aliyemngoja ajibu.

Waliokuwapo wote walifungwa, Hamisi akiwa mmoja wao. Yeye aliapa kwamba hakunyanyua mkono. Rufaa iliposikilizwa, majaji wakasema mashahidi walimwona amesimama pale, lakini hakuna hata mmoja aliyemwona akipiga wala kuchochea, na kusimama peke yake hakutoshi kumfunga mtu. Wenzake rufaa zao zilitupwa. Yeye akaachiliwa.

Aliyekwenda kumchukua ni Shangazi Siti, dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi, mkali, na hata baba alikuwa akimwogopa. Walitokea njiani baada ya adhuhuri. Nilipomwona kaka yangu, kakonda, shati limempwaya, nilivuta pumzi yote ya kifua nipige kigelegele kisikike mpaka Kinondo. Hakikutoka. Shangazi alinifikia mbio, akanibana mdomo kwa kiganja chake kinachonuka tambuu.

"Funga kinywa hicho!" akaniambia. "Wetu amerudi. Wa pale je?"

Alinionyesha kwa kidevu mlango wa Bi Mwanakombo. Ulikuwa wazi.

"Leo hapana kigelegele hapa," akasema. "Na huyu haingii ndani kabla hajafika pale."

Mama yangu aliangusha upawa. "Wifi, mtoto hajatia kitu kinywani! Korti imemwachilia!"

"Korti haikai mlango wa pili na Mwanakombo," Shangazi akajibu. "Sisi ndio tunaokaa."

Roho iliniuma, nilimchukia Shangazi siku ile. Niliona anatunyang'anya furaha yetu mkononi. Lakini nani angebishana naye? Tukafuatana, Hamisi mbele, sisi nyuma.

Bi Mwanakombo alikuwa amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka. Hamisi akasimama mchangani mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Unajua, kwetu mtu mzima hanyamazii shikamoo, hata ya mtoto aliyemkosea. Nilijua asipoitikia, Hamisi hataweza kuishi pale. Itabidi ahame, na mama yangu atampoteza mara ya pili.

"Umekonda," Bi Mwanakombo akasema mwishowe. Kisha akasema, "Nimeambiwa majaji wamesema hukumgusa."

"Sikumgusa, mama. Haki ya Mungu. Nilisimama tu."

"Nimekuamini." Akauweka ukili mapajani. "Lakini nina neno nataka kukuuliza, Hamisi. Wewe tangu mdogo ulikuwa ukinikimbilia kwa kila jambo. Kuku ametaga, waja kuniita. Wingu limetanda, waja kuniita nianue nguo. Pwani ni hapo tu. Siku ile, mbona hukuja kuniita?"

Kaka yangu akaketi chini, pale pale mchangani, akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia mwanamume akilia. Nilitaka kumwinua, Shangazi akanishika mkono. Alimwacha alie. Bi Mwanakombo naye alikuwa analia, kimya, na machozi hakuyafuta.

Kisha akasimama, akasema, "Marahaba. Haya, nenda kwa mamako ukale."

Akaingia ndani. Hamisi hakula. Pilau ile tuliwagawia watoto wa kijijini.

Hakuhama. Kila kulipokucha alimtekea Bi Mwanakombo maji, akamwangulia nazi zake, akamtengenezea paa. Bi Mwanakombo alikuwa akimwitikia salamu na kumpa chai. Alipofariki, kaka yangu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, mahali ambapo angesimama Bakari. Lakini swali lile hakulijibu. Aliniambia yeye mwenyewe, amekwisha ota mvi: "Dada, nimelitafuta jibu, sina."

Sasa nije kwako. Jana ulinionyesha kwenye simu yule kijana aliyezingirwa akapigwa kule Ukunda, eti mwizi wa pikipiki. Nilisikia pumzi zako nyuma ya picha. Nikakuuliza, ukaniambia, "Nyanya, mimi sikumgusa, nilikuwa narekodi tu." Nimekuamini, mwanangu. Nimekuamini kama Bi Mwanakombo alivyomwamini Hamisi. Na roho yangu haijatulia tangu hapo.

Nisikilize. Ukiona watu wamemzunguka mtu, usijisifu kwamba mikono yako ni safi. Piga kelele. Kimbia msikitini, kimbia kwa mzee wa mtaa, waite polisi. Kama unamjua mamake, mwite, hata ukifika huwezi kusema kwa kuhema. Watu wengi hutupa mawe chini wakimwona mama wa mtu amesimama mbele yao. Akiwa ameiba, korti ipo. Akiwa hakuiba, utakuwa umewaokoa yeye na wale waliotaka kumpiga, kwa sababu nao wana mama zao. Na siku wenu akiachiliwa, kabla hamjapiga honi, tazameni jirani yenu amekaaje.

Alhamdulillahi, yule kijana yu hai. Vaa viatu, twende hospitali tukamjulie hali. Mamake atakuwa pale. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe umri na watoto wema, na mama yule akikuuliza neno, akupe ulimi wa kumjibu. Amina.