Saa Alizoturudishia Desderi

Mwanangu, nimesikia umekabidhiwa watu wa kuwaongoza, na moyo wangu umefurahi. Sogea nikusimulie. Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, ya enzi zile wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua mazao. Nilikuwa binti, nachambua maharage na wanawake wenzangu kwenye ghala la tajiri mmoja pale Sumbawanga.

Msimamizi wetu, Desderi, alikuwa kijana mwema, ila alitutaka ghalani alfajiri, na baridi yetu unaijua. Lori la maharage kutoka Msanzi lilikuwa likifika mchana. Asubuhi nzima tulikaa tumejifunika vitenge, mikono mitupu. Yeye alizunguka mlangoni, hali chakula wala haketi, anatufokea hata tukicheka.

Siku hiyo mwenzetu Fides, aliyekuwa na mtoto mchanga, alikaa huku maziwa yakimlowesha blauzi. Machozi yakamtoka. Nikashindwa kuvumilia. Nikamfuata Desderi, ingawa niliogopa, maana kibarua kile ndicho kilichotulisha nyumbani.

"Kaka Desderi, Fides ameacha mtoto nyumbani analia njaa, na hapa hana kazi anayofanya. Mruhusu akamnyonyeshe."

Nilijua atanifukuza. Akaniangalia, sauti ikamshuka.

"Dada, naogopa. Tajiri akikuta ghala tupu atasema siwezi kazi. Hata usingizi sipati."

"Basi tuambie saa ya kuja, tutakuja. Hatutakuaibisha."

Akafikiri, kisha akamwita Fides. "Nenda, mama. Na ninyi wengine nendeni, mrudi adhuhuri."

Lori lilipoingia lilitukuta sote. Fides alikuwa na mtoto mgongoni, ameshiba, amelala fofofo. Tulichambua huku tukiimba, tukamaliza jua halijazama. Desderi akaketi katikati yetu, akala kiazi cha kuchemsha, akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Mwanangu, muda wa watu unaowaongoza ni maisha yao. Ni mtoto wa mtu, ni shamba la mtu. Usiwashikilie kwa sababu wewe una hofu. Kazi ikiwepo, waite. Isipokuwepo, waache waende. Waambie kinachokutisha, watakusaidia kukibeba. Nawe ule, ulale, kwa sababu kiongozi aliyechoka huwachosha wote.

Mungu akupe moyo mpole, na kila utakayemwongoza afurahi kukuona asubuhi.