Meza Yangu Imelilisha Quartier Muzima

Leo nilitaka tu meza ya bureau, ya kuandikia, kwangu nyumbani. Nikapata kilio, matanga mazima.

Nilichora plan mi mwenyewe: urefu mètre mbili, upana santimètre makumi sita. Asubui nikaanza kupiga misumari mu parcelle, mu kiwanja yetu.

Kumbe jirani yetu, Mama Kavira, anachungulia juu ya lupango, ukuta ya kiwanja. Anajua yaya yangu Kambale, kaka yangu mukubwa, alienda Beni na camion, njia yenye baasi banaulia batu, na telefone yake haipite tangu jana. Anaona mbao. Anazipima na macho: sawasawa na sanduku ya maiti. Anapiga kelele:

«Balimuua Kambale!»

Mu dakika kumi bamama ba mutaa muzima banajaa kwetu, na kuni, na viti.

«Mama, ni meza!» nikamuambia Mama Kavira.

«Lia tu, mutoto. Usitufiche.»

Mbao yangu ya tiroir, droo ya meza, ile nilikuwa napiga randa tangu siku mbili, bakaitia mu moto wa kilio!

Hapo Kambale anashuka ku pikipiki, muzima, na mukungu wa ndizi. Anaona batu, anaangusha ndizi, analia kupita bote: «Ni nani amekufa?»

Nilikasirika mpaka nyundo ikanitoka mu mukono.

Mais lakini niambieni, bandugu: tangu lini mutu akipiga musumari kwake, batu habaulize tena «unatengeneza nini»? Banauliza «ni nani».