Jiwe Tuliloliacha Kwenye Mafunjo

Nakumbuka, mwanangu, siku tuliyotoka Mubende na begi la mawe, basi letu likasimama kwenye foleni ya kizuizi cha wanajeshi. Leo mnanicheka nikiinama njiani kuokota kokoto. Chekeni tu. Ugonjwa huu ulinipata nikiwa msichana, na mchovya asali hachovyi mara moja.

Aliyeniambukiza ni Mzee Wafula, Mkenya, jirani yetu kule Kisugu. Alikuwa na chumba kidogo kwenye mtaa wa maduka wa Kikuubo akiuza mawe ya vito kwa yeyote mwenye jicho la kuyaona. Baba yangu, polisi kutoka kaskazini, alikuwa amehamishiwa mbali, na mama aliniruhusu kwenda na mzee machimboni shingo upande. Ulikuwa utawala wa bunduki. Mtu aliweza kutoka kununua chumvi asirudi, na jina lake lisitajwe tena hata kwao.

Asubuhi ya siku hiyo, kilimani, nilichimbua jiwe la kijani, refu kama kiganja changu, pande zake sita zimenyooka utadhani limechongwa na fundi. Mwanangu, nililia kwa furaha. Mzee alikuwa amenifundisha kwamba jiwe hukaushwa juani kwanza, ndipo likafungwa gazeti ili lisikwaruzane na wenzake. Lakini mvua ilikuwa inakuja na moyo wangu haushikiki, nikalifunga na tope lake. Haraka haraka haina baraka. Mnaijua tangu mkiwa wadogo, hata mimi niliijua, ila kuijua na kuifuata ni mambo mawili.

Pale kwenye foleni nikafungua begi kidogo, nilitazame tena jiwe langu. Hapo ndipo nilipoona. Nilikuwa nimelifunga kwa ukurasa wa mbele, wenye picha ya mtawala mwenyewe. Tope lilikuwa limekauka na kuigandisha ile sura juu ya jiwe. Nikajaribu kuibandua kwa ukucha. Shavu likachanika, jicho likabaki. Watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Mzee," nikanong'ona, "angalia."

Akaangalia. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika namna ile. Mbele yetu mwanamume mmoja alikuwa anashushwa kwenye gari lingine, anasukumwa ndani ya Land Rover. Hatukujua kosa lake, wala hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mzee akalichukua jiwe, akalitia ndani ya koti, akamwambia kondakta kwamba tumbo linamsumbua. Akashuka, akaenda polepole kwenye mafunjo ya kinamasi kando ya barabara, walikokuwa wanaume wengine wakijisaidia. Niliomba asionekane. Na Mungu anisamehe, niliomba pia alifiche mahali nitakapoweza kulirudia. Akarudi mikono mitupu.

"Limeenda majini," akasema.

Mwanajeshi alipoingia alimwaga begi letu sakafuni.

"Hii ni nini?"

"Mawe, afande."

"Mawe ya kazi gani? Nyinyi nauza dhahabu?"

"Hapana, afande. Ni mawe tu. Mimi napenda mawe."

Akafungua furushi moja baada ya jingine, akigeuza kila karatasi huku na huku. Sikuwa na hakika kama kwenye kurasa nyingine hakukuwa na picha ile ile. Mwishowe akacheka. "Huyu mzee kichwa yake imeharibika. Chukua takataka yako."

Basi lilipoondoka, badala ya kushukuru nikakasirika. Nilimwambia mzee kwamba angeweza kulificha, kwamba jiwe kama lile mtu halipati mara mbili. Naye, aliyependa mawe kuliko chakula, hakupaza sauti.

"Mtoto, hata mimi linaniuma," akasema. "Lakini jiwe halina mama. Lile litakaa pale miaka na miaka na hakuna atakayekosa usingizi. Wewe mama yako yuko mlangoni saa hii."

Tulipofika, alikuwepo kweli. Alinishika kichwa, mabega, mikono, asiniulize lolote, kisha akakaa chini pale pale. Hasira zangu zote zikawa haya.

Mwanangu, sikukatazi kupenda. Ipende kazi yako hata wakuite kichaa, mimi yangu nimeipenda mpaka magoti yamechakaa. Ila usiidharau kanuni ndogo ya kazi eti kwa sababu moyo umejaa, maana mdharau mwiba mguu huota tende. Na siku ukilazimika kuchagua kati ya kitu ukipendacho na watu wanaokungoja, usipige hesabu. Tupa, hata kama utakililia maisha yako yote, kama ninavyolililia mimi lile jiwe.

Mungu akupe jicho la kuona kizuri kilichofichwa ardhini, akupe na mkono mwepesi wa kukiachia. Na kila utokapo, akurudishe kwa mama yako.