Dagaa wa Wageni

Niliporudi Ujiji baada ya miaka ya kutangatanga Mpanda, Tunduma na kwingineko, kitu cha kwanza nilichokwenda kutafuta ni uwanja wetu wa mpira ufukweni. Haukuwepo. Ziwa lilikuwa limepanda likaumeza, magoli na vyote, na mitumbwi ilifungwa mahali nilipowahi kupiga kona. Nilirudi kwa shangazi yangu, mtaa wa Kasingirima.

Labda ndiyo maana nilikubali haraka kibarua cha mtaalamu wa samaki, binti mgeni aliyekuja kupima kama ziwa bado lina nguvu za kujirudishia kile tunachokitoa. Kila asubuhi wanawake wanaoanika dagaa, shangazi akiwa mmoja wao, walitujazia kopo kutoka kwenye mabeseni yao. Mimi nililaza dagaa mmoja mmoja kwenye ubao wenye alama za sentimita na kutamka urefu, yeye akaandika. Kama wangekuwa wadogo mno, angeshauri uvuvi usimamishwe kwa miezi kadhaa. Lakini walikuwa wanene, wanang'aa. Wiki tatu mfululizo alisema, "Ziwa lenu linajitahidi," nami nikafurahi kana kwamba nimesifiwa mimi.

Mchana nilikula kwa shangazi, ugali wa muhogo na dagaa wa mawese. Nilikula huku naongea.

Siku moja shangazi alisahau simu nyumbani. Nikaipeleka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kabla ya saa yetu ya kupima. Nilimkuta yeye na mwenzake wamechuchumaa mbele ya beseni, wanachambua. Wanamchukua mmoja, wanawaruka wengi.

"Mnatafuta nini humo?"

"Tunawachagulia," shangazi alisema bila kuinua kichwa.

"Mnamchagulia nani?"

"Wewe na mgeni wako. Tangu siku ya kwanza."

Nilidhani ananitania. Nikatia mkono kwenye beseni, nikainua konzi moja. Kiganjani walikuwa wamejaa vitoto, wembamba kama njiti za kiberiti.

"Shangazi, anapima ziwa. Anataka wachotwe kama walivyo."

"Mgeni aje na kopo lake mkononi, mimi nimtilie takataka hizi? Wageni wangapi wamekula kwangu? Nani nilimpa mkia?"

"Tena anawalaza ubaoni kama watoto kliniki," mwenzake akadakia. "Utampelekea waliodhoofu akuseme?"

Walicheka. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga wenye unyevu. Wiki tatu, kurasa zote zile. Na hao wadogo ndio niliokuwa nawala. Asubuhi nilipima wakubwa, mchana nikatafuna hawa, wala sikuwahi kutazama sahani.

Nilipomweleza shangazi kazi ya yale maandishi, aliacha kuchambua.

"Akiwaona hawa, watafunga ziwa," alisema taratibu. "Halafu nianike nini? Kanga zangu?"

Mtaalamu alikuwa tayari anateremka na daftari lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilikuwa nimeshika kopo la wale waliochaguliwa. Kunyamaza tu kungetosha, siku ingepita kama zilizotangulia.

Shangazi alininyang'anya kopo. Akalimimina ndani ya beseni, akakoroga kwa mkono mpaka chini, akachota upya.

"Leo pima hawa," alimwambia. "Wale wa siku zote tulikuchagulia. Tulikuwa tunakuheshimu."

Binti alichukua muda kuelewa. Kisha akafungua kurasa za nyuma, akazikata kwa kalamu moja baada ya nyingine. Hakumlaumu mtu.

Nikaanza kulaza na kutamka. Namba zilikuwa ndogo kiasi kwamba mara mbili aliniomba nirudie. Shangazi akasogea. Miaka yote amewashika kwa makonzi, hajawahi kumtazama mmoja akiwa peke yake ubaoni.

"Huyo ni mzima?" aliuliza. "Si kipande?"

"Mzima, shangazi."

Alijifuta magamba kwenye kanga. Akalaza kidole chake cha kati kwenye ubao, kando ya yule dagaa.

"Ulipokuwa mtoto walikuwa hivi."

Mtaalamu akanitazama, anasubiri. Nikasoma urefu wa kidole cha shangazi. Akauandika pembeni kabisa mwa ukurasa, nje ya mistari.