Mgeni wa Mama

Asubuhi za mvua, moshi wa kiwanda cha chai ulikataa kupanda. Ulitambaa kwenye nyumba za wafanyakazi ukiwa na harufu ya majani yanayokaushwa, tamu kidogo, ya kukwama kooni. Hapo ndipo nilipolelewa, katika shamba moja karibu na Kericho, miaka ya hamsini. Mama yangu alikuwa mchumaji hodari, tena mkali kama pilipili. Nikichelewa mtoni alinichapa kwanza, maswali yakafuata.

Nilipokuwa na miaka tisa hivi niliugua surua, nikapelekwa Merigi kwa nyanya mzaa baba, ambaye sisi Wakipsigis humwita kogo. Nilikaa huko miezi miwili. Kogo aliponirudisha, nilikuwa nimenyolewa kichwa na kukonda. Mama naye alikuwa ameanza kusikia watu wakimnong'oneza katikati ya michai, ila watoto hatukuambiwa. Alinitazama kwa makini, kisha akamuuliza kogo kwa upole, "Huyu amefanana naye kweli. Chebet mwenyewe mmemwacha wapi?" Tulicheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo nilikuwa mgeni. Mama alinipa kiti na kunimiminia mursik, yale maziwa ya kibuyu, kabla ya ndugu zangu, nao wakanionea wivu. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi mwezi uliisha na jembe sikuliona. Siku moja nilivunja chungu makusudi ili nichapwe. Mama aliokota vigae taratibu. "Haidhuru," akasema. "Mtoto wa watu hachapwi." Nililia nyuma ya nyumba mpaka kwikwi ikanishika.

Baba alimpeleka kwenye zahanati ya shamba. Dresa, Mluo mmoja mtaratibu aliyekuwa jirani yetu, alimpima joto, akatikisa kichwa. "Mwili yake haina kitu, bwana. Hii ni maneno ya kichwa, na dawa ya kichwa hapa mimi sina."

Kogo alikuwa na maelezo yake. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake humtajia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Akipiga chafya, basi aliyetajwa ndiye aliyerudi ndani yake. Kogo alishikilia kwamba siku yangu waliharakisha, chafya ikaja kati ya majina mawili. "Sisi ndio tuliokosea," alisema. "Mama yake ameona tu." Ikaamuliwa niitwe upya.

Nilikalishwa juu ya ngozi ya ng'ombe, msichana mzima, wanawake wakijizuia kucheka. Mama aliketi mbele yangu. Kogo alinitia ugoro puani, akaanza kutaja majina. Nilikuwa nimekwisha kuchagua langu: la bibi aliyemlea Mama, ambaye Mama alimpenda kuliko watu wote. Nilibana pua hadi machozi yakanitoka, na jina hilo lilipotajwa nikaachilia chafya ya kuamsha wafu. Vigelegele vikapigwa. Nikamtazama Mama. Alikuwa akinitazama kwa huruma.

"Maskini," akasema. "Hata chafya wamemfundisha."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa kukosa mzazi aliyeketi mbele yako, sijausikia ukitungiwa methali. Mama aliendelea kuchuma chai miaka mingi, akataniana na wenzake, akanitendea mema yote ambayo mgeni hutendewa. Nilipoolewa Kedowa, alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono. "Umekuwa mwema kwetu," akasema. "Ukimwona Chebet wangu huko uendako, mwambie bado namtafuta." Nilimwahidi kwamba nitamwambia. Miaka mitatu baadaye tukamzika.

Siku hizi ugonjwa ule una jina na una vidonge. Mjukuu wangu ambaye ni muuguzi amenieleza kwamba macho ya Mama yaliiona sura yangu sawasawa, ila ile hali ya moyo kusema "huyu ni wangu" ndiyo haikuja. Nimemwelewa, wala haikunipunguzia kitu. Jirani yangu mmoja hapa aliugua vivyo hivyo, akamkana bintiye mwaka mzima. Sasa anameza dawa zake na ametulia. Juzi nilimsikia akimfokea binti huyo kwa jina lake, kwa sababu ya sufuria iliyoungua, mtaa mzima ukisikia. Binti alikimbilia kwangu, uso umemvimba kwa hasira, akitaka nimfiche mpaka mama yake apoe. Nilimshika bega nikamgeuza mlangoni. Nikamwambia arudi upesi, akafokewe.